Chumvi ya Goti si Chumvi ya Damu

Mpwa wangu Zuhura,

Bibi yako huku Tanga anakusalimu sana. Anauliza kama baridi ya huko imepungua na kama unakula chakula cha maana. Barua yako nimeipata na nimeisoma usiku uleule, kwa sababu swali uliloliweka ndani yake limenifurahisha kuliko hata habari za mtihani wako. Unasema msimamizi wako amekuagiza uongeze chumvi katika maji ya lishe ya seli zako za gegedu, yatoke miliosmoli 280 kwa kilo yafike 380, nawe umestaajabu. Shuleni tuliwafundisha kwamba maji ya mwili wa mwanadamu hayaendi mbali na 290. Ukizidisha, seli inasinyaa, ukipunguza, inavimba. Iweje mtu mwenye elimu yake akuambie uzitie seli chumvi, halafu aseme huko ndiko kuzitunza?

Anazitunza kweli. Kilichozisumbua seli zako kilitokea mapema zaidi, siku ulipozitoa ndani ya gegedu ukazitumbukiza katika maji yanayofanana na damu. Seli ya msuli ingejiona nyumbani humo. Kwa seli ya gegedu, hayo ni maji yaliyozimuliwa. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia kwa kirefu: nataka uzoee kuuliza seli inaishi wapi kabla hujaamua ipi ni hali yake ya afya. Nimefundisha fiziolojia kwa miaka mingi, na hili ni jambo ambalo vitabu vya mwanzo hulipita haraka mno.

Tuanze na gegedu lenyewe. Ukimwomba muuza nyama akupasulie goti la mbuzi aliyechinjwa asubuhi, utaona ncha ya mfupa imevikwa kitu cheupe chenye kuelekea buluu, kinachong'aa na kuteleza. Ukikikata kwa wembe hakitoi damu. Hakina mshipa wa damu hata mmoja, hakina neva, na seli zake ni chache mno: kwa mtu mzima, seli huchukua takriban asilimia 2 tu ya ujazo wa gegedu la kiungo. Kilichobaki ni vitu ambavyo seli hizo zimevijenga zenyewe na kujizungushia, pamoja na maji, ambayo ni baina ya asilimia 65 na 80 ya uzito wote. Chakula na oksijeni haviletwi na mshipa. Hupenya taratibu kutoka katika ute wa kiungo. Seli ya gegedu hukaa hapo maisha yake yote, kwa oksijeni haba, mara nyingi bila jirani wa kugusana naye.

Katika vitu vilivyojengwa, viwili ndivyo vinavyotuhusu. Kimoja ni kolajeni ya aina ya II, nyuzi imara zilizosukwa kuwa wavu usiovutika kirahisi. Cha pili ni agrekani, molekuli kubwa yenye uti wa protini uliozungukwa na minyororo mingi ya sukari, na minyororo hiyo imejaa salfati na kaboksili zenye chaji hasi. Agrekani nyingi hujishikiza kwenye uzi mmoja mrefu wa asidi ya haiyaluroni, na mkusanyiko wake huwa mkubwa kiasi kwamba hauwezi kupenya katika matundu ya wavu wa kolajeni. Umenaswa humo. Na kwa kuwa umenaswa, chaji zake hasi nazo zimenaswa.

Hapo ndipo chumvi inapoingia. Kila chaji hasi iliyofungwa inadai mwenzake chanya, na ioni chanya iliyo tele katika maji ya mwili nje ya seli ni sodiamu. Sodiamu basi huvutwa ndani ya gegedu, na kloraidi husukumwa nje. Kanuni ya usawa wa namna hii ilielezwa na mkemia Frederick Donnan mwaka 1911, alipokuwa akichunguza tando zinazozuia ioni moja na kupitisha nyingine. Katika gegedu hakuna utando wa aina hiyo, ila agrekani, kwa kunaswa kwake, inafanya kazi ileile. Aliyeipeleka kanuni hiyo ndani ya gegedu kwa vipimo vya subira ni Alice Maroudas, kwanza London, baadaye Haifa, kuanzia miaka ya 1960. Ukipata nafasi katika maktaba ya chuo chenu, msome. Anaandika kwa uangalifu ambao ningependa uuige.

Chukua kalamu tupige hesabu pamoja, maana bila hesabu utabaki kuniamini tu, na sitaki uniamini. Tuseme nje, katika ute wa kiungo, sodiamu ni milimoli 150 kwa lita na kloraidi ni 150. Tuseme chaji hasi zilizofungwa ndani ni 200 kwa lita ya maji ya gegedu, kiasi ambacho si cha kubuni kwa kiungo cha mtu mzima. Donnan anataka sodiamu mara kloraidi ya ndani iwe sawa na sodiamu mara kloraidi ya nje. Anataka pia sodiamu ya ndani ilingane na kloraidi ya ndani ukijumlisha zile 200. Utapata sodiamu karibu 280 na kloraidi karibu 80. Zidisha: 280 mara 80 ni 22,400, na 150 mara 150 ni 22,500. Imekubali. Sasa jumlisha: ndani kuna 360, nje 300. Tofauti hiyo ya 60, kwa joto la mwili, ni mgandamizo wa karibu megapaskali 0.15, yaani kama angahewa moja na nusu, unaoyavuta maji kuingia ndani usiku na mchana. Kinacholizuia gegedu lisivimbe ni wavu wa kolajeni. Chumvi inavuta maji yaingie, wavu unakataa kutanuka, na katika kushindana huko ndimo goti linamopata ugumu wake.

Sisi watu wa pwani nusu ya jambo hili tunaijua tangu utotoni: papa akipakwa chumvi maji yanamtoka, kwa kuwa maji huelekea palipo na chumvi nyingi. Katika gegedu chumvi nyingi iko ndani, kwa hiyo maji yanaingia. Nusu ya pili ndiyo iliyokuwa ikiwashangaza wanafunzi wangu. Ukilitia gegedu katika maji ya chumvi kali, haliwi gumu, linalainika. Solomon Eisenberg na Alan Grodzinsky waliandika kuhusu hilo mwaka 1985, huko MIT, Marekani. Rudia hesabu ile ukiweka 1,000 mahali pa 150. Ndani utapata sodiamu 1,105 na kloraidi 905, jumla 2,010, na nje 2,000. Tofauti iliyokuwa 60 imebaki 10. Chaji zilizofungwa bado zipo zote, lakini nguvu yao ya kuvuta maji imezama katika wingi wa chumvi ya nje. Nimekutajia hili ili usije ukadhani kwamba chumvi, kwa kuwa ni chumvi, inaliimarisha gegedu. Kinacholiimarisha ni ile tofauti ya ndani na nje.

Basi seli zako zilitoka mahali penye miliosmoli 350 hadi 450, na sodiamu ya milimoli 240 hadi 350, kutegemea zilikuwa kina gani. Juu, karibu na uso unaoteleza, agrekani ni chache na chumvi ni pungufu. Chini, karibu na mfupa, vyote viwili vinazidi. Seli mbili za goti moja hazina chumvi moja. Uliposaga gegedu lote pamoja ukazitoa seli zote katika chupa moja, ulichanganya wakazi wa mitaa tofauti, na ukiona baadaye kwamba haziitikii kwa namna moja, usikimbilie kusema kipimo kimeharibika.

Na hata huko kwao chumvi haitulii. Mwaka 1986 watafiti wa Boston walichapisha vipimo vya mgonjwa aliyewekewa nyonga bandia yenye vihisi ndani yake: alipoinuka kitini, mgandamizo juu ya gegedu ulifika megapaskali 18. Linganisha na ile 0.15 tuliyoihesabu. Kwa sekunde chache gegedu linaustahimili mzigo huo kwa sababu maji yaliyomo hayana njia rahisi ya kutoka. Yanabanwa, na yenyewe ndiyo yanayobeba sehemu kubwa. Mtu akisimama muda mrefu, maji yanakamuliwa kidogo kidogo. Agrekani inasongamana, chaji hasi kwa kila lita zinaongezeka, sodiamu nayo inapanda. Akiketi, maji yanarudi na chumvi inashuka. Ukitaka kuyaona haya bila maabara, jipime urefu unapoamka na tena kabla ya kulala. Utakuta umepungua kama sentimita moja au zaidi, kwa kuwa diski za uti wa mgongo, zenye agrekani hiihii, zimekamuliwa maji mchana kutwa.

Sasa seli yenyewe. Utando wake hupitisha maji upesi, kwa vijia vya protini viitwavyo akwaporini, lakini sodiamu haipiti kwa urahisi. Chumvi ya nje ikipanda, maji hutoka na seli husinyaa. Ikishuka, maji huingia na seli huvimba. Hadi hapo seli haijafanya kitu. Ni fizikia tu. Kujirekebisha kunaanza baada ya hapo, na nakuomba ukae nako kwa makini, maana ndiko utakakokuwa ukikutazama chini ya darubini.

Inapovimba, seli ya gegedu ni hodari. Katika utando wake kuna kijia kiitwacho TRPV4, na seli inapovimba kijia hicho hufunguka, kalsiamu ikaingia. Hufunguka pia vijia vya familia ya LRRC8, ambavyo hutoa kloraidi pamoja na taurini, na potasiamu nayo hutoka kwa vijia vyake. Chumvi ikitoka, maji yanaifuata, na ndani ya dakika seli imerudi karibu na ukubwa wake. Mkondo huo wa kloraidi wanafiziolojia waliupima tangu miaka ya 1980 bila kujua ni protini gani inayoupitisha. Mwaka 2014 vikundi viwili, kimoja cha Ardem Patapoutian huko California na kingine cha Thomas Jentsch huko Berlin, kila kimoja kwa njia yake, vilifikia protini ileile, LRRC8A. Nilipokuwa nikifundisha mada hii zamani, pahali pa protini hiyo palikuwa na alama ya kuuliza ubaoni. Siwezi kukueleza furaha niliyopata siku nilipoifuta.

Inaposinyaa, mambo huenda kwa mwendo mwingine. Seli inayo protini ya kurudisha chumvi ndani, NKCC1, inayoingiza sodiamu moja, potasiamu moja na kloraidi mbili kwa pamoja. Hata hivyo, seli za gegedu hurudi kutoka kusinyaa polepole, na nyingi hazirudi zote. Wengine husema huo ni upungufu. Mimi sioni hivyo. Seli ambayo kila siku hubanwa na kuachiliwa, ikikimbilia kujijaza chumvi kila inaposinyaa, mzigo ukiondoka itajikuta na chumvi nyingi kupita kiasi na itavimba vibaya. Kungoja ni busara kwa anayejua kwamba maji yatarudi. Haya ni maoni yangu, yapime.

Lakini chumvi ikibaki juu kwa saa nyingi, seli inabadili mbinu. Chumvi nyingi ndani ya seli huzisumbua protini, kwa hiyo seli hujaza mahali pake molekuli ndogo za kikaboni zisizosumbua: sorbitoli, inositoli, betaini, taurini. Anayeamuru jambo hilo ni protini iitwayo NFAT5, ambayo wengine huiita TonEBP. Ilitambuliwa mwaka 1999, na kazi yake imechunguzwa sana katika figo, kwa kuwa huko ndani kabisa chumvi na urea hupanda hadi miliosmoli 1,200 kwa mwanadamu. NFAT5 huingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni za kuvuta au kutengeneza molekuli hizo. Figo na goti, viungo ambavyo hatuvitaji pamoja hata siku moja, vinatumia amri moja.

Hapa ndipo penye jambo ninalolipenda kuliko yote. Katika maji yenye chumvi ya kwao, seli za gegedu hushikilia SOX9, protini inayoziamuru ziendelee kuwa seli za gegedu na kujenga kolajeni ya aina ya II na agrekani. Agrekani ndiyo inayoileta chumvi. Yaani seli inajenga kitu, kitu hicho kinavuta chumvi, na chumvi inaiambia seli kwamba kitu bado kipo. Ndani ya giza lile, bila neva wala mshipa, seli inapata habari za nyumba yake kwa kuonja chumvi. Mwaka 1993 Jill Urban wa Oxford na wenzake walipima kasi ya ujenzi ya seli za gegedu la ng'ombe katika maji ya chumvi mbalimbali, na kasi ilikuwa kubwa zaidi kati ya miliosmoli 350 na 400, ndani ya kiwango cha kwao. Chini yake ilipungua, na juu yake ikapungua. Msimamizi wako hakubuni 380.

Nayo TRPV4 haiishii kwenye kurudisha ukubwa wa seli. Farshid Guilak na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba kubanabana kunakoichochea seli ijenge hupitia kijia hichohicho: kikifungwa kwa dawa, kubana hakuleti faida tena; kikifunguliwa kwa dawa, seli hujenga hata bila kubanwa. Na mwaka 2008 ilifahamika kwamba watoto wa familia fulani waliozaliwa na pingili za mgongo zilizobapa na kiwiliwili kifupi, ugonjwa uitwao brakiolmia, wana hitilafu katika jeni ya TRPV4. Kijia chao hupitisha kalsiamu kupita kiasi. Mifupa ya mtoto huanza kwa gegedu, kwa hiyo seli isiyosoma vizuri habari za nje humwachia alama ya maisha.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua, kama haya yote yana uhusiano wowote na magoti ya bibi yako. Yanao. Katika kusagika kwa viungo, wavu wa kolajeni hulegea mapema. Ukilegea, chumvi iliyomo inafanikiwa kuvuta maji zaidi ya kawaida, gegedu linajaa maji na kuwa laini, na maji hayo yanaizimua agrekani. Baadaye agrekani yenyewe inakatwa na vimeng'enya na kutoroka. Chumvi inashuka kuelekea ile ya damu. Seli iliyojengeka kwa 400 inajikuta katika 300, inavimba, na habari inayoipata ni kwamba nyumba haipo tena. Ajabu ni kwamba mgonjwa wa goti ana maji mengi zaidi katika gegedu lake mwanzoni, si machache, ingawa kila mtu mtaani humwambia goti limekauka.

Na wavu ule haufumwi upya. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark walitumia kaboni-14 iliyomwagwa angani na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960. Kolajeni inayojengwa mwaka fulani hubeba kaboni ya mwaka huo. Walipoipima katika magoti ya watu wazima, waligundua kwamba kolajeni ya gegedu hujengwa tunapokua na baada ya hapo karibu haibadilishwi kabisa, hata kwa wagonjwa. Kolajeni iliyomo katika magoti ya bibi yako aliijenga akiwa msichana. Agrekani hubadilishwa, kolajeni ndiyo hiyo. Nikimwona akishika nguzo ya baraza ili ainuke, huwa nakumbuka jambo hilo, na namheshimu zaidi.

Nakuomba basi, ukimpigia simu, usimwambie kwamba goti linapenda chumvi. Atazidisha chumvi kwenye mchuzi, na presha anayo. Sodiamu ya damu inashikwa na figo kati ya 135 na 145 hata mtu ale nini. Sodiamu ya gegedu inashikwa na agrekani. Chumvi ya mezani haina njia ya kuongeza chaji zilizofungwa. Vivyo hivyo bamia. Jirani yetu humletea kila wiki kwa nia njema, ili ute urudi, nami sikatazi maana bamia ni chakula kizuri, ila ute wa bamia hukutana na tumbo na utumbo kabla ya kitu kingine na haufiki gotini. Kinachomsaidia ni kutembea kidogo kidogo na kupumzika, kuimarisha misuli ya mapaja, na kupunguza uzito. Kubanwa na kuachiliwa huzichochea seli. Kubanwa bila kuachiliwa huzizuia. Ukimwambia hilo atakusikia wewe kuliko mimi.

Kuna mahali pengine ambapo chumvi ya damu imechukuliwa kuwa chumvi ya goti, nako ni katika chumba cha upasuaji. Daktari anayeingiza kamera ndani ya goti hulisafisha kwa maji mengi, mara nyingi yale ya dripu ya asilimia 0.9, au ya Ringer, yote ya kiwango cha damu au chini kidogo. Kisu kinapokata gegedu katika maji hayo, seli za kando ya mkato hufa. Mwaka 2008 Anish Amin, Andrew Hall na wenzao wa Edinburgh walionyesha katika maabara, kwa gegedu la ng'ombe, kwamba maji yakiongezwa chumvi hadi miliosmoli 480 wakati wa kukata, seli zinazokufa hupungua sana. Seli iliyosinyaa hustahimili jeraha kuliko iliyovimba. Seli ni asilimia 2 tu, na kwa mtu mzima hazizaliwi upya kwa wingi. Kila iliyopotea kando ya mkato ni sehemu ya gegedu iliyobaki bila mtunzaji. Naliona jambo hili ni zito, na ningependa madaktari wetu wa mifupa huku walijue kama wanavyolijua wa huko.

Turudi mezani kwako. Kutoka 280 hadi 380 unahitaji kuongeza 100, na kwa kuwa chumvi ya sodiamu kloraidi hugawanyika mara mbili, hiyo ni milimoli 50 kwa lita, yaani gramu 2.9 hivi. Ongeza kidogo juu ya hapo, kwa kuwa mgawanyiko wake haufanyi kazi kwa ukamilifu, kisha pima kwa osmomita. Usiamini mizani peke yake. Kifaa hicho hugandisha tone la maji na kusoma joto la kuganda, na maji ya 300 huganda kwenye nyuzi 0.56 chini ya sifuri, kwa hiyo osmomita isiyosafishwa vizuri inadanganya kwa urahisi. Andaa chupa nyingine ambayo umeifikisha 380 kwa sukrosi badala ya chumvi. Seli zikiitikia sawa katika zote mbili, unachokiona ni kazi ya osmosisi. Zikitofautiana, sodiamu yenyewe ina neno. Yapime pia maji ya kolajenesi unayoyeyushia gegedu, kwa kuwa humo ndimo seli zako zinamokaa saa nyingi kabla hujaziona, na watu wengi hulisahau. Wala usiziache zikae muda mrefu zimelala juu ya plastiki: zikitandazwa hivyo hugeuka, huanza kujenga kolajeni ya aina ya I, na hapo huna tena seli za gegedu za kuzipima.

Ukipata vipimo vya mwanzo, vitume vyote, hata vile unavyodhani vimeharibika, pamoja na picha za seli za 280 na za 380 zilizopigwa kwa darubini ileile na ukuzaji uleule. Nataka pia kujua ukubwa wa seli dakika chache baada ya kubadilisha maji, na tena kesho yake. Shangazi yako anasema koti lako limepatikana, litakuja na mtu anayesafiri mwezi ujao.

Wasalaam,
Mjomba wako